Bwawa la Kidunda na Udongo wa Kwetu

Mada iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa umoja wetu, Ubungo. Imechapwa kwa ombi la kamati.



Kamati ilinipa mada kwa njia ya swali: "Mtambo wa umeme wa Kidunda utatusaidia nini sisi watu wa milimani?" Swali hili liliulizwa kwa sauti ya juu kwenye mkutano uliopita, na nakumbuka aliyeuliza hakuketi mpaka alipoahidiwa kuwa litajibiwa. Nimepewa mimi kwa sababu nimekula mkate wa pampu na mabomba kwa miaka mingi. Nitalijibu kwanza, halafu nieleze, ili mwenye haraka ya kuwahi daladala ya Goba aondoke na jibu.

Umeme wa Kidunda wenyewe hautatuletea kitu cha pekee. Kilicho chetu pale ni maji, na maji hayo yanaharibikia au yanaokolewa kwenye mashamba ya mteremko, kule Kibungo Juu na Matombo, wanakolima dada zetu na mama zetu. Ndiyo maana kamati imeamua harambee ya mwaka huu iende shambani, na najua wapo humu ndani ambao hawajafurahi.

Sasa maelezo. Kidunda ni mahali kwenye Mto Ruvu, chini ya milima yetu, ndani ya Wilaya ya Morogoro Vijijini. Wazo la kujenga bwawa pale limezungumzwa tangu miaka ya 1960. Wengine tumezaliwa tukalikuta linazungumzwa, tukaoa tukiwa tunalisikia, na tukaanza kuamini kuwa ni hadithi. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Novemba 2022 kati ya DAWASA na kampuni ya Sinohydro ya China, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 300. Bwawa limesanifiwa kubeba lita bilioni 190 za maji, na chini ya tuta lake kuwekwe mtambo wa kufua umeme wa megawati 20. Kazi ya kwanza ya bwawa ni maji ya Dar es Salaam na Pwani. Umeme umeongezwa juu yake, kama mtu anayejenga nyumba ya kuishi halafu akatoboa dirisha la duka upande wa barabarani.

Wengi mnadhani kutoka Kidunda litalazwa bomba mpaka Kimara. Hapana. Maji yatafunguliwa langoni, yatapita kwenye mtambo wa umeme, kisha yatarudi mtoni na kushuka kwa mkondo wake wa siku zote mpaka kwenye mitambo miwili ambayo tayari tunaitegemea: Ruvu Juu, iliyoanza mwaka 1959, na Ruvu Chini ya mwaka 1976. Hapo ndipo yanapovutwa, yanasafishwa na kusukumwa mjini. Sisi wa Kibamba, Mbezi, Kimara na Ubungo tunaletewa zaidi na Ruvu Juu, kupitia mabomba makubwa yanayofuata Barabara ya Morogoro. Kwa hiyo maji yale yale yatakayozungusha mtambo ndiyo yatakayokuja kujaza simtanki lako pale Msewe. Umeme hauli maji. Unakula mwendo wake tu.

Umuhimu wa bwawa tuliuona Oktoba 2022. Mitambo hiyo miwili ina uwezo wa kutoa lita milioni 466 kwa siku: Ruvu Juu milioni 196 na Ruvu Chini milioni 270. Mto ulipopungua mwaka ule, uzalishaji ukashuka mpaka kama lita milioni 300, na mgao ukatangazwa. Kila mmoja wetu anajua dumu la lita 20 lilifika bei gani mtaani kwake, na nani alifaidika. Pampu za umwagiliaji kandokando ya Ruvu zilisimamishwa, yaani mkulima wa bondeni alizimiwa mashine ili mtu wa mjini apate ya kunywa. Mitambo ilikuwa mizima, umeme wa kuisukuma ulikuwapo, mafundi walikuwapo. Mto ndio haukuwa na maji, kwa sababu maji ya masika yalikuwa yamekwenda baharini miezi mitano kabla bila mtu wa kuyashika.

Chukueni kalamu. Lita bilioni 190 ukizigawa kwa lita milioni 466 za kila siku, unapata siku 408. Ni zaidi ya mwaka. Lakini usishangilie haraka, maana jua litakunywa sehemu yake, ardhi itanyonya, mto wenyewe lazima uachiwe maji yake, na mkulima wa bondeni naye ana haki. Hata hivyo, kata hesabu hiyo nusu, bado kiangazi cha kawaida kinavukwa.

Sasa niende kwenye umeme, maana ndio ulioulizwa.

Umeme wa maji unataka vitu viwili, wingi wa maji na kimo cha kuanguka. Kikipungua kimoja, ongeza kingine. Milimani kwetu kimo tunacho, maji ya kila kijito ni machache. Kidunda ni tambarare, kimo ni kidogo, kwa hiyo lazima maji yawe mengi sana. Nitatumia dumu letu. Chukua dumu la lita 20, lipandishe kwenye ghorofa ya tano, kama mita 15 kwenda juu, halafu liachie lishuke likizungusha mashine isiyopoteza chochote. Nguvu utakayopata itawasha taa ya wati 5 kwa muda usiofika dakika kumi. Basi. Aliyelipandisha dumu lile kwa ngazi atakwambia kuwa ametoa jasho zaidi ya hapo.

Chukua tena maji yote ya siku ya jiji, zile lita milioni 466. Ni karibu lita 5,400 kila sekunde. Yaangushe kutoka mita hizo hizo 15, ambazo ni mfano wangu na si kipimo cha bwawa lenyewe. Ukiondoa kinachopotea kwenye mashine, unapata kama megawati 0.7. Haifiki hata megawati moja! Ili upate megawati 20 kwa kimo hicho, utataka maji karibu mara 30 ya yale jiji linayokunywa. Maji kama hayo Mto Ruvu unayo wakati wa masika tu, mto unapofurika na wavuvi wa Mlandizi wanahamisha mitumbwi.

Mtaalamu wa bwawa lenyewe atakuwa na vipimo kamili kuliko hivi vyangu, lakini mwelekeo hautabadilika. Megawati 20 ni uwezo wa mtambo siku mto umeshiba. Kiangazi, mtambo utafua kulingana na maji yanayofunguliwa kwa ajili ya kunywa. Na inavyopaswa kuwa, aliyeshika funguo za lango awe mtu wa maji. Mtu wa umeme anapenda bwawa likae juu ili apate kimo, na anapenda kufungua jioni watu wanapowasha taa na televisheni. Mtu wa maji anataka mkondo usiobadilika, usiku na mchana, maana pampu za Ruvu hazijui saa mbili usiku ni nini. Wawili hao wanaweza kuishi nyumba moja kama imeandikwa nani ni mwenye nyumba.

Tumeshaona bwawa la umeme likikamuliwa. Mtera ina kiwango chake cha chini kabisa, mita 690 kutoka usawa wa bahari, na katika ukame wa mwaka 2006 ilishuka chini ya hapo. Wakati ule nchi ilikaa gizani, na walioumia walikuwa watu wa viwanda, saluni na mashine za kusaga. Lingekuwa bwawa la maji ya kunywa, tungezungumza habari nyingine.

Kuna mifano ya kutia moyo pia. Nyumba ya Mungu kule Mto Pangani lina mtambo wa megawati 8 tangu mwaka 1968, na leo mradi mkubwa wa maji wa Same na Mwanga unachota kutoka bwawa hilo hilo. Nchini Lesotho, maji yanayouzwa Afrika Kusini yanapitishwa kwanza kwenye kituo cha 'Muela, yanafua megawati 72, kisha yanaendelea na safari yao ya kwenda kunywewa. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni, na kwa maoni yangu ni busara: maji yanashuka hata hivyo, kwa nini yashuke bure?

Sasa, "umeme wetu". Nimesikia maneno haya kwenye misiba na kwenye harusi: kwamba Kidunda ikikamilika, tarafa zetu zidai laini yao wenyewe. Ndugu zangu, umeme wa Kidunda utasafirishwa kwenda Chalinze na kuingia Gridi ya Taifa. Ukishaingia gridi hauna kabila. Unachanganyika na wa Kidatu, wa Kihansi, wa mitambo ya gesi hapa hapa Ubungo, na wa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Ukilinganisha na hilo la mwisho, Kidunda haifiki hata asilimia moja. Mwenye kutaka umeme kijijini kwake leo asisubiri Kidunda. Nguzo za REA zimeshafika vijiji karibu vyote nchini, na ada ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Kinachokwamisha nyumba nyingi za kwetu ni kutandaza nyaya ndani, na hilo mtoto aliyeko Ubungo anaweza kulimaliza kwa mzazi wake bila mkutano wala mgeni rasmi. Kwa hiyo pendekezo la kununua transfoma kwa fedha za umoja mimi nalipinga waziwazi, na mwenye pendekezo hilo ni shemeji yangu, kwa hiyo mtajua kuwa sina upendeleo.

Nije kwenye udongo.

Mto wenye kasi unabeba mchanga na tope. Ukiingia kwenye bwawa, unapoteza mwendo kama basi lililofika kituoni, na abiria wote wanashuka. Mchanga mzito unashuka mwanzoni kabisa, pale mto unapoingia. Tope laini linasafiri mpaka karibu na tuta, linatua taratibu, tabaka juu ya tabaka. Kila lita ya tope inakaa mahali pa lita moja ya maji, na haitoki. Wahandisi wanaacha nafasi chini ya bwawa kwa ajili ya tope, wakikadiria litachukua miaka mingapi kujaa. Makadirio hayo yanategemea hali ya milima. Milima ikivuliwa nguo, miaka inapungua. Na mchanga unaopenya hadi kwenye mtambo unasugua mapanga ya turbaini kama msasa, mpaka fundi aitwe.

Mnaopita Morogoro mnaifahamu Mindu, bwawa linalonywesha mji ule. Mwulizeni mwenyeji yeyote kuhusu tope la Mindu. Kuna mradi wa kuinua tuta lake ili libebe maji zaidi, na fedha za kuinua tuta ni nyingi kuliko za kuzuia udongo usishuke.

Ruvu inaanzia Uluguru. Mfizigo inaanzia kwetu na inaingia Ruvu. Ninyi mliokulia kule mnajua rangi ya Mfizigo baada ya mvua ya usiku: chai ya maziwa. Ile rangi ni shamba la mtu. Likishuka leo litapita mpaka Mlandizi, lichafue maji, na dawa za kusafishia zitumike zaidi. Bwawa likikamilika, litaishia Kidunda.

Hapa lazima tuzungumze habari ambayo wazee wetu wanaijua vizuri kuliko mimi. Serikali ya kikoloni nayo iliuona udongo huu ukishuka. Mwaka 1950 ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, na amri ikawa matuta ya ngazi kwa kila mtu, kwa siku zilizopangwa kila wiki, asiyechimba alipe faini. Kazi ilikuwa ngumu, na kibaya zaidi, kwenye udongo wetu mwembamba kuchimba ngazi kulifukia udongo mzuri na kuleta juu ule mwekundu usiozaa. Watu walilima matuta yakazaa kidogo kuliko shamba la zamani. Julai 1955 Matombo ikawaka. Polisi walifyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukafutwa. Tangu hapo neno "matuta" likitamkwa mbele ya mzee wa Matombo, anakutazama mara mbili.

Ikaja mara ya pili, kwa mlango mwingine. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalileta mpango Kibungo Juu wa kuwalipa wakulima kwa kutunza chanzo cha maji. Waliokubali kununua huduma hiyo walikuwa DAWASCO ya wakati ule na Coca-Cola Kwanza, kwa sababu wote wawili wanakunywa kutoka Ruvu, kwa namna ya kusema. Mkulima aliyejitolea kuweka fanya juu, kupanda miti, au kuacha ukanda wa majani kando ya mto, alipimiwa eneo lake na kulipwa kulingana na kazi aliyofanya. Kilichonifurahisha mimi ni kuwa watu wale wale ambao baba zao waliyakataa matuta waliyachimba wenyewe, kwa sababu safari hii waliulizwa, wakachagua aina ya kazi, wakapewa na samadi. Mpango ukafikia mwisho wake baada ya miaka michache, kama miradi inavyofikia mwisho. Baadhi ya matuta yapo mpaka leo na yanalimwa. Mengine yamelala.

Naitazama historia hiyo hivi: fimbo ilishindwa kabisa, malipo yalifanya kazi kwa muda yalipokuwepo, na udongo haujaacha kushuka. Sasa anayekunywa maji ya Ruvu hapa Ubungo ni mtoto wa mwenye shamba. Hakuna mtu mwingine katika jiji hili mwenye sababu mbili kama sisi.

Kamati inapendekeza nini? Karafuu. Msicheke. Mnajua karafuu za Matombo na Tawa zinavyonunuliwa. Mkarafuu ni mti wa kudumu, mizizi inashika mteremko, na mwenye nao hana sababu ya kuchoma shamba kila mwaka. Chini yake unaweza kuendelea na migomba na pilipili manga. Kando ya kijito tutapanda mikuyu, na mikaratusi tutaikataa, hata kama mtu analeta miche ya bure. Kwenye mteremko mkali zaidi tutaweka mistari ya majani ya kulishia mbuzi, inayokata kasi ya maji. Ngazi za mwaka 1950 hatutazichimba mahali udongo hauna kina.

Tatizo la mkarafuu ni kuwa unachukua miaka kama mitano, sita, ndipo uanze kutoa cha kuuza. Mama wa Kibungo hawezi kula kivuli kwa miaka sita. Hapa ndipo fedha zetu zinapoingia. Sehemu ya kwanza ni miche na kitalu. Sehemu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni muhimu kuliko ya kwanza, ni kumlipa mwenye shamba kidogo kila msimu mpaka mti ujitegemee, kwa sharti kwamba miche ihesabiwe ikiwa hai. Tumeona harambee nyingi za kupanda miti ambapo viongozi wanapiga picha, na mbuzi wanakula mada.

Kuna jambo jingine, na nalisema kwa heshima kwa sababu wajomba wapo hapa. Kwetu ardhi inakwenda kwa upande wa mama, ni ya ukoo. Mwanamume anaweza kulima shamba la ukoo wa mkewe miaka thelathini na asiguswe. Siku atakapopanda mti wa kudumu, wajomba watauliza: huyu anaweka mpaka? Kupanda mkarafuu ni kama kuandika jina. Miradi mingi imekwama hapo bila wataalamu kuelewa kwa nini mkulima mchapakazi anakataa mche wa bure. Kwa hiyo kabla ya mche mmoja kushuka kwenye gari, wazee wa koo watakaa, na itaandikwa miti ni ya nani na udongo ni wa nani. Hii ni kazi ambayo shirika kutoka nje haliwezi kuifanya, na sisi tunaweza, maana wajomba wenyewe ndio hawa wanaokula pilau mbele yangu.

Wapo watakaosema, serikali imetoa mabilioni, mchango wa umoja wetu ni tone gani kwenye bwawa lile? Ni kweli. Milima ni mikubwa na sisi tunazungumzia vijito viwili. Sitawadanganya kuwa tutaokoa Kidunda. Lakini sikilizeni hesabu ya pili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu Jumuiya za Watumia Maji, na kwetu ofisi husika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, iliyopo Morogoro. Mtumiaji mkubwa wa maji ya mto analipa ada kwa bodi. Bwawa likishaanza kazi, kutakuwa na maji yanayouzwa na umeme unaouzwa, vyote kutoka mteremko mmoja. Siku tutakapokwenda kuomba sehemu ndogo ya fedha hizo irudi juu milimani, tutaulizwa: nyinyi ni nani na mmefanya nini? Nataka tuwe na jumuiya iliyosajiliwa, daftari la miti iliyo hai, na picha za Mfizigo kabla na baada ya mvua. Mtu anayedai akiwa ameshika jembe anasikilizwa tofauti na anayedai akiwa ameshika kipaza sauti kama mimi.

Na tusiwasahau wenzetu wa bondeni. Zipo kaya zilizohama kupisha bwawa, zikalipwa fidia, zikaacha mashamba ya mpunga na makaburi ya wazee wao. Wao wametoa ardhi yenyewe. Kuna mwanachama alisema hao si watu wetu, ni Wakutu. Mimi bibi yangu aliolewa huko, kwa hiyo nitamwachia mwanachama huyo aeleze baadaye, tukiwa wawili.

Mambo ya utekelezaji. Fomu ya ahadi iko katikati ya kijitabu hiki, na bei ya mche na ya malipo ya msimu zimeandikwa juu yake. Mnaweza kuahidi kwa mche, au kwa shamba zima la mtu mmoja, na anayetaka shamba la mama yake mwenyewe aandike jina la kijiji na la mjomba. Mhazini atapokea fedha taslimu leo na kwa simu wiki nzima, na risiti lazima. Kitalu kinatakiwa kianze mapema ili miche iwe tayari kwa masika.

Kundi la kwanza litakwenda kuonana na wazee wa koo mwezi ujao. Tutakutana Mbezi, kituo cha Magufuli, saa kumi na mbili asubuhi, tubadilishe gari Msamvu. Baada ya Matombo sehemu ya njia ni ya miguu na inapanda, kwa hiyo wenye viatu vya leo waviache nyumbani. Majina yapelekwe kwa katibu. Maswali nitayapokea baada ya chakula, na shemeji yangu amepewa nafasi ya kwanza.